Kitenzi Kilichotia Bahari Damu

Kitenzi cha Kiingereza "incarnadine" maana yake ni kukifanya kitu kiwe chekundu. Hakisikiki katika mazungumzo ya kila siku, na umaarufu wake umetokana na mahali pamoja: tamthilia ya Macbeth, ambayo William Shakespeare aliiandika yapata mwaka 1606 na ikachapishwa mara ya kwanza mwaka 1623.

Asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya nyama ya mwili. Lilipitia Kiitaliano na Kifaransa, likaingia katika Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16 likiwa kivumishi cha rangi ya waridi iliyofifia. Shakespeare alilifanya kitenzi, na rangi yenyewe ikakolea hadi kufikia wekundu wa damu.

Kitenzi hicho kinatokea katika onyesho la pili la sehemu ya pili. Macbeth amemuua mfalme Duncan, jamaa yake aliyelala kwake kama mgeni. Akiitazama mikono yake anajiuliza kama maji ya bahari yote yataiosha, kisha anajijibu kwamba mikono hiyo ndiyo itakayozitia bahari wekundu. Hapo ndipo ufundi ulipo. Kitenzi chenye silabi nne kinatanguliwa na neno jingine refu la asili ya Kilatini, na sauti yao inatanuka kama bahari inayotajwa. Papo hapo yanafuata maneno mafupi ya Kiingereza cha wenyeji, yakisema jambo lile lile waziwazi: kijani kimegeuka chekundu. Asiyekijua kitenzi anaelewa. Anayekijua anausikia uzito wa hatia mara mbili.

Samuel Johnson alikiingiza katika kamusi yake ya mwaka 1755, akieleza kuwa amekikuta mara moja tu. Mwaka 1859 Edward FitzGerald alikitumia katika tafsiri yake ya rubai, yaani mashairi ya mishororo minne, za mshairi Omar Khayyam. Humo ndege mwimbaji anaililia divai nyekundu ili shavu la manjano la waridi lipate wekundu. Kitenzi cha mauaji kikawa cha furaha, na bado kilikaa mahali pake.

Mwandishi anayevutiwa na neno adimu na ajifunze hapa: alipe kazi ambayo neno la kawaida lisingeiweza, kisha aliwekee kando maneno mepesi ya kulifafanua.