Mpelelezi Kijana na Siri za Watu wa Kale: Kanuni za Riwaya ya Upelelezi Mbele ya Historia ya Nachingwea na Ruangwa

Ikisiri

Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imejengwa juu ya kanuni tatu: akili huondoa pazia la imani, kosa lina mkosaji anayetajika, na kukiri hufunga kesi. Makala haya yanachunguza iwapo kanuni hizo zinaweza kubeba riwaya ya vijana ambayo mpelelezi wake ni kijana na fumbo lake ni la kihistoria. Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zinatumiwa kama mahali pa kupimia. Hoja kuu ni kwamba kila kanuni inakwama mbele ya historia ya huko, na kwamba umri mdogo wa mpelelezi, unaodhaniwa kuwa udhaifu, ndio unaofungua njia nyingine.

1.0 Utangulizi

Muhammed Said Abdulla alipochapisha Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, aliipa fasihi ya Kiswahili mpelelezi mtulivu, mvuta kiko, mwenye kuamini kwamba hakuna fumbo lisilofumbuliwa na akili. Miaka mitano baadaye Faraji Katalambulla, katika Simu ya Kifo, aliuhamishia upelelezi Dar es Salaam na kuupa mwendo wa kasi. Kabla yao, wanafunzi walikwisha kusoma Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya Frederick Johnson ya riwaya ya H. Rider Haggard, ambamo siku za kale za Afrika ni ramani mikononi mwa wageni wanaotafuta almasi.

Kazi hizo tatu zilisomwa sana na vijana, lakini wapelelezi na wasafiri wake wakuu ni watu wazima. Mwandishi anayetaka kumfanya kijana wa miaka 14 au 15 kuwa mpelelezi wa historia anarithi mbinu zisizotungwa kwa ajili yake. Makala haya hayahakiki riwaya moja. Yanahakiki urithi huo. Nachingwea na Ruangwa zimechaguliwa kwa sababu zinakusanya mafumbo ya aina tatu: vita vilivyoandikwa zaidi na washindi, mradi ulioacha majalada mengi kuliko karanga, na kambi iliyoendeshwa kwa siri. Kila fumbo linapima kanuni moja.

2.0 Mzimu kama Pazia, Mzimu kama Kumbukumbu

Katika Mzimu wa Watu wa Kale, maiti inapatikana penye mzimu, na hofu ya watu inakuwa pazia la kosa la binadamu. Kazi ya Bwana Msa ni kulivuta pazia. Kisima cha Giningi (1968) kinaendeleza mbinu hiyo kwa kutumia jina ambalo katika masimulizi ya Zanzibar linahusishwa na wachawi. Kisanaa mbinu hii ina nguvu: inaleta taharuki, kisha inamfunza msomaji kutilia shaka maelezo mepesi. Lakini ina gharama. Mambo ya kale yanaingia katika riwaya kama kificho, na yakishafunuliwa hayana kazi tena.

Wamwera wa Ruangwa na Nachingwea walikuwa miongoni mwa jamii zilizoshiriki Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mpelelezi wa aina ya Bwana Msa angeanza na swali ambalo jibu lake linajulikana: je, maji yaliweza kuzuia risasi? Angethibitisha kwamba hayakuweza, na kesi ingefungwa kabla ya jambo lenye uzito kuguswa. Fumbo la kihistoria liko kwingine: ni nini kilichowafanya watu wa lugha na makabila mbalimbali wakubali neno moja, na ni kwa nini waliosalimika, baada ya njaa iliyosababishwa na kuchomwa kwa mazao na maghala, walisimulia baadhi ya mambo na kunyamazia mengine? Hapa imani si pazia linaloficha ushahidi. Ni sehemu ya ushahidi wenyewe.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliutambua ukweli huo mapema. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wake walitumwa vijijini kukusanya simulizi za wazee walioishuhudia vita. Vijana wale hawakwenda kuwaumbua wazee. Walikwenda kuwasikiliza kabla hawajafa. Hicho ni kielelezo cha mpelelezi kijana kilicho karibu zaidi na mazingira ya Kusini kuliko Bwana Msa.

3.0 Kosa Lisilo na Mkosaji Mmoja

Kanuni ya pili inataka jina. Mji wa Nachingwea ulikua kutokana na mradi wa karanga ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947. Maeneo matatu ya Tanganyika yalihusika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mpango wote ulilenga zaidi ya ekari milioni tatu, na Jimbo la Kusini lilitengewa sehemu kubwa kuliko nyingine. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea zilijengwa kwa matarajio hayo. Mwaka 1951 mradi ulitupwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ilifungwa.

Kwa mtunzi wa taharuki, hii ni hazina: kijana anakuta tuta refu lililonyooka msituni, lisilo na chuma juu yake, na anauliza ni nani aliyeiiba reli. Swali ni zuri kwa kufungulia hadithi, lakini haliwezi kuifunga. Akitajwa mhandisi mlevi au karani mwizi, msomaji kijana atafundishwa uongo. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha, mitambo haikufaa, na uamuzi ulifanywa kwa haraka na watu waliokuwa mbali. Mkosaji ni namna ya kuamua. Josephine Tey, katika The Daughter of Time (1951), alionyesha kwamba mpelelezi anaweza kuwahoji waandishi wa historia badala ya washukiwa. Riwaya ya Nachingwea ingehitaji hatua ya ziada: kuwauliza wale ambao majalada ya London hayakuwauliza, yaani waliong'oa visiki.

4.0 Kukiri Kusikofunga Kesi

Kanuni ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi. Katika upelelezi wa kawaida, mkosaji akikiri, msomaji anapumua. Nachingwea ilikuwa kambi kuu ya mafunzo ya FRELIMO wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, na Samora Machel ni jina lisilotenganishwa nayo. Mwaka 1975, muda mfupi kabla ya uhuru wa Msumbiji, wapinzani waliokuwa kizuizini walifikishwa mbele ya hadhara kambini hapo. Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa FRELIMO, alisoma maelezo marefu ya kukiri makosa. Baadaye yeye na wenzake kadhaa waliuawa bila kesi ya wazi mahakamani.

Tukio hilo lina sura zote za ukurasa wa mwisho wa riwaya ya upelelezi: washukiwa, hadhira, kukiri, hukumu. Hata hivyo, kukiri huko ndiko kunakoanzisha fumbo. Mwandishi wa vijana anayeamini kanuni bila kuihoji atageuza kulazimishwa kuwa ushahidi. Kwa upande mwingine, anayelikwepa tukio ili alinde heshima ya ukombozi atawanyima vijana wa Nachingwea historia ya mji wao. Ukombozi ulikuwa wa haki. Kukiri kule hakukuwa huru. Riwaya nzuri ingeyashikilia mambo yote mawili.

5.0 Umri kama Mbinu

Katika Emil und die Detektive (1929) cha Erich Kästner, watoto wa Berlin wanamnasa mwizi kwa wingi wao na kwa kumwandama hadharani. Mbinu hiyo haihamishiki ilivyo. Kijana wa Ruangwa anayemwandama mtu mzima au kumhoji kama inspekta ataonekana mkosa adabu, na milango itafungwa. Lakini desturi hiyohiyo inampa nyenzo ambazo inspekta hana. Kijana hutumwa, anayetumwa huingia kila ua na kusikia mazungumzo yasiyokatizwa kwa ajili yake. Mjukuu ana utani na babu na bibi, na kwa utani huuliza ambayo baba yake hathubutu. Ahadi ya kunyamaza aliyopewa jandoni au unyagoni humfunza pia kwamba si kila siri ni kosa. Mpelelezi wa namna hii analazimika kupambanua siri inayolinda na siri inayodhulumu, na upambanuzi huo ndio ukomavu ambao riwaya ya vijana inautafuta.

6.0 Hitimisho

Kanuni za Bwana Msa zililifaa fumbo la maiti moja. Mbele ya vita, mradi na kambi, zinatoa majibu ya haraka kwa maswali yasiyo sahihi. Riwaya ya upelelezi wa kihistoria kwa vijana itasimama pale mtunzi atakapobadili swali kutoka nani alitenda hadi nani hakuulizwa, na kumwachia mpelelezi wake haki ya kufika mwisho akiwa na ushahidi mwingi na hukumu chache. Wachapishaji na walimu wanaodai hadithi za vijana zifungwe kwa funzo moja lililonyooka wanapaswa kuizingatia hoja hii. Msomaji wa Nachingwea anaishi juu ya tuta la reli. Akipewa jibu la uongo, ataligundua kwa kutembea tu.