Mwimbaji Anaponyamaza: Genesis, Remmy Ongala na Usikilizaji wa Wimbo Mrefu

1. Utangulizi

Uhakiki wa nyimbo katika Kiswahili umezoea njia moja. Mhakiki huyanakili maneno ya wimbo karatasini, huyapanga katika beti, kisha huyachambua kama ambavyo angechambua shairi: dhamira, ujumbe, falsafa, tamathali za usemi. Njia hiyo si mbaya. Imetufaa sana katika taarabu, ambamo aghalabu maneno huwa ni shairi kamili kabla hayajatiwa sauti. Lakini ina kasoro moja kubwa: pale mwimbaji anaponyamaza, mhakiki naye hunyamaza. Dakika nne au tano za magitaa zinazofuata hupitwa kana kwamba ni pambo tu, au ni nafasi waliyopewa wachezaji watoke jasho.

Makala haya yanakusudia kuonyesha hasara ya kimya hicho. Tutafanya hivyo kwa mfano ambao kwa mtazamo wa kwanza uko mbali na fasihi ya Kiswahili, yaani muziki wa Genesis, mojawapo ya bendi kuu za Uingereza katika mkondo wa roki ulioitwa progresivu. Swali letu ni hili: kijana wa Luofu, huko Lubero katika Kivu ya Kaskazini, ambaye Kiingereza chake ni haba, ataingiaje katika muziki huo? Rai yetu ni kwamba mlango anao tayari nyumbani, nao ni wimbo mrefu wa dansi wenye asili ya Kongo. Asichokuwa nacho ni uhakiki wa kumwonyesha kwamba huo ni mlango.

2. Genesis na Super Matimila

Genesis ilianzishwa mwaka 1967 na wanafunzi wa Charterhouse, shule ya watoto wa matajiri iliyoko Godalming, kusini mwa Uingereza. Miongoni mwa waasisi walikuwamo mwimbaji Peter Gabriel, mpiga kinanda Tony Banks na Mike Rutherford aliyepiga gitaa na besi. Phil Collins alijiunga mwaka 1970 akipiga dramu, na baada yake Steve Hackett akaja na gitaa lake. Hao watano ndio waliotoa albamu za Nursery Cryme (1971), Foxtrot (1972), Selling England by the Pound (1973) na The Lamb Lies Down on Broadway (1974). Gabriel aliondoka mwaka 1975, Collins akawa mwimbaji, na baada ya Hackett kuondoka mwaka 1977 bendi ilielekea polepole kwenye nyimbo fupi zilizoipatia umaarufu redioni katika miaka ya 1980.

Remmy Ongala kwa upande wake alizaliwa Kindu, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978 kupiga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Orchestra Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya umaskini, kifo na haki ya mnyonge, na katika miaka yake ya mwisho akageukia nyimbo za dini. Alifariki tarehe 13 Desemba 2010.

Kilichowaunganisha wanamuziki hawa ni deni. Gabriel alikuwa mmoja wa walioanzisha WOMAD mwaka 1980, asasi ya matamasha ya muziki wa mataifa mbalimbali. Tamasha lake la kwanza, la mwaka 1982, lilileta hasara kubwa. Wenzake wa zamani wa Genesis walikubali kupiga naye usiku mmoja tu, tarehe 2 Oktoba 1982 huko Milton Keynes, ili deni hilo lilipwe. Miongoni mwa nyimbo zilizopigwa usiku ule ulikuwamo "Supper's Ready", ambao tutaurudia hapa chini. WOMAD iliyookolewa namna hiyo ndiyo iliyotoa Nalilia Mwana ya Remmy mwaka 1988; na kampuni ya Real World, aliyoiasisi Gabriel kwa ushirikiano na WOMAD, ikatoa Songs for the Poor Man (1989) na Mambo (1992).

Wasikilizaji wengi wa Ulaya walionunua albamu hizo hawakujua Kiswahili. Waliingia kwa njia ya magitaa, na hakuna aliyewaambia wasubiri kwanza wajifunze lugha. Haki hiyo hiyo tunaidai kwa upande wa pili.

3. Sikio la Luofu

Msikilizaji wa Luofu hana lugha moja. Nyumbani husema Kinande. Sokoni, njiani na mara nyingi kanisani husema Kiswahili, ambacho si kile cha vitabu vya Dar es Salaam wala cha Unguja. Darasani hufundishwa kwa Kifaransa. Na wale wanaoendelea na masomo ya juu, kwa mfano katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoanzishwa mjini Butembo mwaka 1989, hukutana na Kifaransa hicho tena. Lingala humjia kwa njia mbili, ya jeshi na ya muziki wa Kinshasa.

Jambo la kuzingatia ni hilo la mwisho. Vizazi kadhaa vya watu wa Kivu vimependa nyimbo za Franco na TPOK Jazz, vikazijua tangu mwanzo hadi mwisho, bila kuwa na Lingala kama lugha ya nyumbani. Msikilizaji wa namna hii amejifunza kushika habari ya wimbo kutokana na jina moja analolielewa, mlio wa sauti, mwitikio wa waimbaji, na zaidi ya yote kutokana na mahali ambapo wimbo unageuka. Wahakiki wengi wangeuita usikilizaji huo pungufu. Sisi tunauona kuwa ni ujuzi. Ni ujuzi ambao msomi aliyezoea kusoma maneno kwanza huwa hana, nao ndio hasa unaohitajika ili kuisikiliza Genesis.

4. Wimbo wenye pande mbili

Katika Nairobi ya miaka ya 1970, ambako bendi nyingi za Kikongo zilihamia, wimbo wa dansi uliuzwa kwenye santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja haukutosha wimbo mzima, kwa hiyo wimbo uligawanywa: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, sehemu ya pili upande wa pili. Aghalabu upande wa kwanza ulibeba beti na kiitikio, na upande wa pili ukabeba sebene, ile sehemu ambayo wanamuziki wa Dar es Salaam waliiita chemko. Msikilizaji alilazimika kusimama na kuigeuza santuri kwa mkono wake. Kwa njia hiyo umbo la wimbo lilimkaa mwilini: kuna kusimuliwa, kisha kuna kugeuka, kisha kuna yale ambayo maneno hayakuweza kuyamaliza.

Sasa na tuuchukue wimbo wa Genesis uitwao "The Cinema Show", wa mwaka 1973, wenye urefu wa dakika 11 hivi. Nusu yake ya kwanza ni hadithi: kijana na msichana, waliopewa majina ya Romeo na Juliet, wanajitayarisha kwenda kukutana jioni; kisha anaingia Tiresias, mzee wa hekaya za Kiyunani aliyewahi kuwa mwanamume na mwanamke pia. Magitaa ya nyuzi 12 yanapigwa taratibu chini ya sauti za Gabriel na Collins. Nusu ya pili haina neno hata moja. Gitaa na dramu vinashika mwendo mmoja unaojirudia, na juu yake kinanda cha Banks kinapanda ngazi baada ya ngazi.

Anayesubiri maneno yarudi ataona wimbo umepotea njia. Anayejua sebene atatambua mara moja kilichotokea: santuri imegeuzwa. Matarajio ya wale vijana wawili, ambayo maneno yaliyataja kwa dhihaka kidogo, sasa yanatendeka kwa sauti. Tofauti iko katika hesabu. Dansi la Kikongo hutembea kwa hesabu ya nne, na mguu hauhitaji kufikiri. Hapa Collins anahesabu saba, kwa hiyo mguu uliozoea nane utaona kila mara hatua moja imeibiwa. Tunamshauri msikilizaji ahesabu kwa vidole mara kumi tu. Baada ya hapo saba huacha kuwa kilema na huwa ni mwendo.

5. "Supper's Ready" na kitabu cha Ufunuo

Wimbo huu wa mwaka 1972 una sehemu saba na unachukua takriban dakika 23, yaani karibu upande mzima wa santuri kubwa. Fasihi yetu inao utungo mrefu, nao ni utenzi. Lakini utenzi hurefuka kwa kushika mizani ile ile tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, wakati "Supper's Ready" hurefuka kwa kubadili mizani. Kwa sababu hiyo kuna hatari ya kuusikia kama nyimbo saba zilizogandishwa pamoja.

Mlango wa wimbo huu uko kanisani. Wimbo unaanza na watu wawili wapendanao waliomo chumbani, unapita katika vita na katika sehemu ya mizaha ya Kiingereza iitwayo "Willow Farm", na mwisho wake umejengwa juu ya Ufunuo wa Yohana: malaika na tarumbeta, mnyama, kisha Yerusalemu mpya. Mtu aliyesikia sura ya 21 ya kitabu hicho ikisomwa kwa Kiswahili anaijua safari ya wimbo huu kabla hajausikia. Mizaha ya "Willow Farm" imefungwa katika michezo ya maneno ya Kiingereza, na msikilizaji asiogope kuiacha ipite.

Kilele ni sehemu ya sita, ambayo jina lake lenyewe linataja Apokalipsi na hesabu ya tisa. Besi, gitaa na dramu vinapiga tisa kwa mafungu ya tatu, mbili na nne, bila kupumzika, huku kinanda kikienda zake juu kana kwamba hakivisikii vyombo vile vya chini. Hapo ndipo vita vya mwisho vinapopiganwa. Kisha hesabu inafunguka, na sauti iliyosikika katika sehemu ya pili inarudi kwa uzito mkubwa zaidi. Aliyekariri maneno peke yake atasema wimbo unamalizika kwa mji mtakatifu. Aliyesikiliza umbo ataeleza pia kwa nini mji huo unaaminika: kwa sababu sauti yake tuliisikia zamani, nasi tuliisahau.

6. Pingamizi moja

Huenda msomaji akauliza: je, muziki wa vijana wa Charterhouse una nini na mtu wa Luofu? Remmy aliimba "Sauti ya Mnyonge" akiwa mmoja wao; hao wengine waliimba wakiwa wameshiba.

Pingamizi hili lina uzito. Hata hivyo, katika Foxtrot mna wimbo "Get 'Em Out by Friday", ambamo kampuni ya nyumba inawafukuza wapangaji wake, inawahamishia kwingine, na mara tu wanapohama inawapandishia kodi. Baadaye inatolewa amri ya kufupisha vimo vya binadamu, ili watu wengi zaidi waenee katika jengo moja. Gabriel anaimba kwa sauti ya kila mhusika, kama katika tamthilia. Dhuluma inayosemwa humo inafahamika katika mji wowote.

Tofauti ya kweli iko katika nafasi ya msemaji. Gabriel huvaa sura za wengine, na jukwaani katika miaka ile alivaa vinyago hasa. Hasemi kamwe kwa jina lake. Remmy huja bila kinyago, humwita msikilizaji, humwonya na humcheka. Kwa maoni yetu, katika jambo hili Remmy ni msanii mwenye ujasiri zaidi, kwani dhihaka ya Genesis mara nyingine humpa msikilizaji nafasi ya kusimama kando. Lakini hukumu kama hiyo haiwezi kutolewa na mtu aliyebaki nje ya mlango.

7. Hitimisho

Kwa anayeanza, tunapendekeza mpangilio ufuatao. Aanze na "The Cinema Show", kwa sababu umbo lake analijua. Afuate "Firth of Fifth" wa albamu hiyo hiyo, asikilize jinsi sauti iliyoanzishwa kwa filimbi inavyochukuliwa baadaye na gitaa la Hackett. Kisha "Get 'Em Out by Friday", halafu "Supper's Ready" kwa kikao kimoja bila kukatiza. The Lamb Lies Down on Broadway, yenye santuri mbili na hadithi iliyojaa vitendawili, ibaki mwisho. Nyimbo fupi za miaka ya 1980 ni nzuri kwa namna yake, ila hazifungui mlango huu.

Kwa idara zetu pendekezo ni jepesi zaidi. Mwanafunzi anapoleta tasnifu juu ya nyimbo za Remmy, Super Mazembe au Maquis, atakiwe kuandika pia dakika ambayo mwimbaji ananyamaza, ni chombo gani kinaanza kusema, kwa muda gani, na wimbo unarudi ukiwa umebadilika vipi. Tukiendelea kufundisha kwamba maana imo katika maneno peke yake, tutakuwa tunamwambia kijana wa Luofu, ambaye Kiswahili chake si sanifu na Kiingereza chake ni haba, kwamba yeye ni nusu ya msikilizaji, ilhali sikio lake limekwisha kufanya kazi ambayo kalamu zetu hazijaianza.