Sifa ya Kushusha Injini

Peugeot 504 ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1968, na Ulaya waliacha kuiunda mwaka 1983. Huku kwetu haikuaga mapema hivyo. Nchini Kenya iliendelea kuunganishwa kwa miaka mingi baadaye, ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, na zile ndefu zenye safu tatu za viti zilipakia abiria wa masafa marefu hadi zikachakaa. Zilizobaki nyingi zimelala uani, injini zimechoka, zikingoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Nasema kwa yakini kwamba wengi wanauza injini ambayo haijafa. Walioibuni walitaka ifunguliwe.

Chukua injini yake ya petroli ya cc 1971. Katika magari mengi silinda imechongwa kwenye bloku yenyewe. Ikilika, bloku nzima inapelekwa kukerezwa. Hii ina slivu nne zinazochomoka, na maji ya kupozea yanazigusa moja kwa moja. Ikilika unaitoa, unaingiza mpya pamoja na pistoni na ringi zake, na silinda inarudi kwenye kipenyo chake cha milimita 88 bila bloku kuguswa na mashine. Mtu mmoja mwenye subira anaweza kuifanya kazi hiyo chini ya kibanda cha mabati. Sijui heshima kubwa kuliko hiyo ambayo mhandisi anaweza kumpa mtu asiyemjua.

Lakini injini hiyo haina simile na mwenye pupa. Slivu zimekaa tu kwenye bloku, na kinachozibana ni silinda hedi. Ukishalegeza boliti, usiinyanyue hedi moja kwa moja. Itikise kwa ubavu kwanza hadi iachane na gasketi, maana ikipanda na slivu, sili ya chini inaachia na maji yanashuka kwenye sampu. Hedi ikishatoka, zikaze slivu kwa vibanio kabla hujazungusha krenki. Wakati wa kurudisha, kila slivu ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu ndogo sana ya milimita. Jicho halitakwambia kitu. Rula ya chuma na fila geji ndizo zitakazosema, na ukubali zinachosema hata kama jioni imeingia na ulitamani gari liwake leo.

Kazi niipendayo kuliko zote ni kusaga valvu. Unapaka dawa ya kusagia kwenye ukingo wa valvu, unabandika kijiti chenye mpira, kisha unakipekecha kati ya viganja kama apekechaye moto kwa ulindi. Unainua, unageuza kidogo, unapekecha tena. Mwanzoni chuma kinakwaruza kwa sauti kali. Baadaye sauti inalainika, na mkono unaanza kujua kabla ya jicho. Ukifuta, unataka kuona duara la kijivu lisilokatika popote. Mwaga mafuta ya taa juu yake uone kama yatapenya. Yakipenya, rudia.

Kujitengenezea si kuwadharau mafundi. Hedi ya aluminiamu iliyopinda kwa joto lazima ipelekwe kwa mwenye mashine, na mafundi wa Grogan, Nairobi, au Gerezani, Dar es Salaam, wamebeba elimu isiyoandikwa kitabuni. Ila aliyepima beringi kwa mkono wake anamuuliza fundi maswali mengine, na fundi mwema hufurahia kuulizwa hivyo.

Siku ya kuwasha, toa plagi zote na uzungushe stata mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo urudishe plagi, maana beringi mpya zikizunguka bila oili, juhudi yako yote inaharibika kwa muda mfupi.

Basi wewe uliye na 504 iliyolala, usiiuze kwa kilo. Tafuta kitabu chake cha matengenezo, nunua fila geji na mafuta ya taa, andika kila kofia ya beringi ilikotoka na upande iliotazama, kisha pima kabla hujaamua lolote.