«Une saison au Congo» mu Lubumbashi: jina la Msiri na kilio ya Lumumba

Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alitosha «Une saison au Congo» mwaka 1966, miaka mitano tu nyuma ya kifo cha Patrice Lumumba. Kutazama mchezo huu Paris ni kitu kimoja, kuutazama Lubumbashi ni kingine. Ni huku kwetu njo Lumumba, Mpolo na Okito waliuawa, tarehe 17 Januari 1961, mu pori ya Shilatembo. Tulienda kuutazama pamoja na marafiki: wamoja watoto na wajukuu wa wale walioshangilia Katanga ya Tshombe, wengine wa wale Baluba waliokimbilia kampi ya UNO mwaka 1961. Wote tulikaa mustari moja.

Vijana walicheza kwa Kifaransa cha kitabu, lakini mpiga sanza walimpa Kiswahili chetu. Walifanya vizuri. Mtu huyu anapita mu mchezo wote, hana cheo wala bunduki, anasema kwa mafumbo kile wakubwa hawapendi kusikia. Wakati wa Kifaransa salle ilinyamaza kama darasa siku ya mtihani. Yeye akiingia, watu wanaanza kumujibu, kama vile tunajibu mtoa hadithi pembeni ya moto. Kundi la Mufwankolo lilitufundisha zamani, bila kitabu chochote, kwamba teatri yetu inaishi kwa majibu ya watu.

Sasa neno gumu. Césaire aligeuza majina: Kala-Lubu, Mokutu, Tzumbi. Kila mtu anawatambua, anacheka. Lakini yule anayemchoma Lumumba kwa kisu cha bunduki anaitwa M'siri. Mwandishi alimlenga Munongo, waziri wa Tshombe na mjukuu wa mfalme Msiri. Lakini mfalme mwenyewe aliuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na watu wa Stairs, sababu alikataa bendera ya Léopold II, na wazee wanasema kichwa chake kilikatwa na kubebwa. Rafiki yetu mmoja Muyeke alikasirika: babu aliyekatwa na wazungu, leo anafanywa kisu chao! Mwingine akamujibu: jina la babu halisafishe mikono ya mjukuu. Sisi tunaona wote wawili wana haki, na kosa ni la Césaire: kwa kumulenga mjukuu, alimupiga babu.

Mwisho, Mokutu anamusifu marehemu mbele ya watu, kisha risasi zinalia. Vijana waliongeza kitu kisichoandikwa: wamama wanaingia na nyimbo za kilio. Wengine watasema ni kuharibu kitabu. Sisi tunasema hapana. Mwili wa Lumumba uliyeyushwa kwa asidi. Ubelgiji ilirudisha jino moja tu mu Juni 2022, likapitishwa Shilatembo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Kwetu mtu asiyeliliwa hajafika kwa mababu. Wamama wa mu salle waliitikia, wa upande huu na wa upande ule, na hakuna aliyewaalika.

Tunaomba vijana wale waupeleke mchezo Shilatembo, kisha Bunkeya, na mbele ya pazia kufunguliwa wawaelezee wanafunzi nani alikuwa Msiri. Watu wa Bunkeya watajibu wenyewe.