Ampia 60 Zisizofika kwenye Betri

Kazi ile ya Mwika wengi wenu mmeiona: paneli moja ya wati 550 juu ya bati, betri mbili za jeli zilizofungwa sambamba kwa volti 12, inveta sebuleni, na katikati yao kontrola ya PWM iliyoandikwa ampia 60. Fremu imekaa vizuri, paneli imeelekezwa kaskazini kwa mlalo mdogo unaofaa kwa sisi tulio nyuzi tatu kusini mwa ikweta, waya ni wa milimita 6, migomba iko mbali. Hapo sina neno.

Neno langu liko kwenye kontrola. Fundi alichukua 550 akagawanya kwa 12, akapata ampia 46 hivi, akapanda hadi 60 ili kubaki na nafasi. Mwenye nyumba akaona namba kubwa, akaridhika. Uamuzi ule ni kosa tupu, na siutetei hata kidogo, kwa sababu hesabu ile ni ya MPPT, kontrola inayogeuza volti za ziada kuwa ampia. Kwenye PWM haina kazi.

Geuza paneli usome lebo mgongoni. Paneli za ukubwa huo, za nusu seli 144, hufanya kazi kwenye volti kama 41.8 na ampia 13.1. Wati 550 zinapatikana hapo tu, volti hizo zikizidishwa kwa ampia hizo. PWM ni lango la mfongo wa maji: inafungua na kufunga, maji yanayopita ni yaleyale. Ikifungua, paneli inavutwa chini hadi kwenye volti ya betri, tuseme 13.2, na ampia zinabaki 13. Zidisha: wati 172. Mteja amelipia 550, kwenye betri zinaingia chini ya theluthi moja. Nenda na klampu mita saa sita na nusu mchana, ndipo jua la Moshi linapokuwa juu kabisa, anga liwe jeupe, ushike waya unaokwenda kwenye betri. Utasoma 13, au pungufu. Hiyo 60 iliyoandikwa kwenye ganda haitafikiwa hata siku moja, kwa kuwa hakuna kitu juu ya lile bati kinachoweza kuileta.

Na hasara ya chaji ni nusu tu ya kosa. Kontrola nyingi za PWM za volti 12 na 24 zina kikomo cha volti 50 upande wa paneli. Paneli ile isipobeba mzigo inatoa 49.7, na kiwango hicho kimepimwa kwenye nyuzi joto 25. Sasa Mwika ya mwezi wa saba si nyuzi 25. Kila nyuzi moja inayoshuka inaongeza volti kwa karibu asilimia 0.28. Seli zikiwa na nyuzi 12 asubuhi, jua likachomoza bila wingu na betri zimejaa, PWM inakata, paneli inabaki bila mzigo, volti inapanda hadi 51 na nusu. Kikomo kimevukwa. Siku swichi ya ndani itakapoungua na kubaki imeshikana, paneli itakuwa imeunganishwa moja kwa moja na betri, na betri za jeli hazivumilii kuchajiwa bila kukatwa. Mtu akija kuchomoa betri kabla ya kuzima paneli, chochote kilichobaki kwenye laini kinakula karibu volti 50.

Halafu mwenye nyumba ataambiwa ni mawingu. Hili nimelisema kwenye safu hii mara nyingi na nitalisema tena: mlima unasingiziwa. Kweli Juni hadi Agosti upande wetu huu kuna siku jua halionekani kabisa. Lakini mfumo uliopoteza theluthi mbili ya nguvu mchana wa Januari hauna haki ya kulalamikia ukungu wa Julai.

Mwaka 1984, Harold Burris na Mark Hankins walipofunga sola shule ya sekondari Karamugi, Kenya, na kufundisha mafundi wa pale pale, paneli ya betri ya volti 12 ilikuwa ya seli 36 au karibu na hapo: volti 17 au 18 kazini. Kontrola rahisi iliitosha. Waliopita mafunzo ya sola ya KARADEA kule Karagwe miaka ya 1990 walianza na mita na karatasi ya hesabu ya mizigo kabla hawajagusa ngazi. Hawakuwa na MPPT, na hawakutupa theluthi mbili za paneli ya mtu. Leo tuna kila kifaa, tunauza kwa wati.

Na kuna uovu mwingine madukani: kontrola nyepesi ya plastiki iliyochapwa MPPT ilhali ndani ni PWM. MPPT ya kweli ina koili, kwa hiyo ina uzito. Kipimo chake ni kimoja. Betri zikiwa hazijajaa, pima ampia zinazoingia kutoka kwenye paneli, kisha zinazotoka kwenda kwenye betri. Kwa paneli ya volti 41 na betri ya 12, zinazotoka lazima ziwe karibu mara tatu ya zinazoingia. Zikilingana, rudisha dukani siku hiyohiyo.

Nyumba ile ya Mwika, kwa kuwa inveta yake ni ya volti 12, inahitaji MPPT ya 100/50, yaani volti 100 upande wa paneli na ampia 50 upande wa betri. Jua likiwa kamili itapeleka ampia 39 au 40. Anayeanza upya asifuate njia hiyo: afunge betri mbili mfululizo ziwe volti 24, anunue inveta ya 24, na 100/30 itamtosha, kwa sababu wati 550 kwenye 24 ni kama ampia 20 tu. Ile PWM ya 60, kama haijaungua, apewe jirani mwenye paneli nne za seli 36 za wati 100 zilizofungwa sambamba. Kila moja italeta ampia 5 na nusu, jumla 22, na hapo itafanya kazi iliyotengenezewa.