Bawa Likigoma Kuingia

Tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Imperial Airways ilianza kusafirisha barua kwa ndege kutoka Croydon, London, hadi Mwanza. Kuanzia Khartoum barua hizo zilibebwa na Short Calcutta, ndege ya injini tatu yenye tumbo la boti, iliyotua majini. Kwa hiyo kijana wa Mwanza anayeunda modeli ya ndege ya majini haigi mambo ya ugenini. Anaunda kitu kilichowahi kufika kwenye ziwa lake.

Ufundi huu naupenda kwa sababu unadai mkono mtulivu, na unaudai zaidi pale kipande kinapogoma kuingia mahali pake. Chukua bawa. Wengi wetu tunataka lichomoke, maana modeli iliyogundishwa mabawa haipandi daladala ya Igoma ikashuka nzima. Ulimi wa bawa unaingia kwenye tundu ubavuni mwa ndege, na ili bawa lisilegee, ulimi lazima ubane. Ukibana kupita kiasi, mkono unakimbilia chupa ya mafuta.

Si ajabu. Fundi cherehani ana kichupa chake mezani, na fundi wa injini za boti pale Kirumba vidole havikauki grisi. Chuma hakidhuriki. Plastiki ya modeli, ambayo kwa kawaida ni polistarini, ina tabia nyingine kabisa. Petroli na thina huiyeyusha hapo hapo, na hilo kila mtu huliona. Ninayoyaogopa zaidi ni mafuta ya polepole: ya cherehani, ya kupikia, hata ya mgando tunayojipaka mwilini. Haya hayaiyeyushi. Hupenya taratibu katikati ya minyororo mirefu ya molekuli, na pale plastiki inapovutika, minyororo huachiana. Baada ya muda unaona mstari mweupe, mwembamba, halafu kipande kinakatika bila mtu kukigusa. Watengenezaji wa friji wanalijua tatizo hili, kwa kuwa ukuta wa ndani wa friji nyingi ni polistarini, na mafuta ya chakula huweza kuupasua. Ndiyo maana hutumia aina iliyoimarishwa kuyastahimili.

Kipande kinachobana ndicho kilicho kwenye mkazo, na kilicho kwenye mkazo ndicho mafuta hukipasua. Sababu ile ile inayokufanya uyatake mafuta ndiyo inayokukataza kuyatumia.

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza kwa nini kinabana. Mara nyingi jibu ni rangi: tabaka moja kwenye ulimi, jingine ndani ya tundu, na nafasi imekwisha. Paka ulimi penseli laini, usukume kidogo ndani, uchomoe, kisha uutazame kwenye mwanga wa dirisha. Penseli ilipofutika ndipo panapogusa. Hapo tu, pitisha msasa wa maji namba 1000 mara mbili tatu, ujaribu tena. Hakuna hatua ninayoiheshimu kuliko hii, kwa sababu unaondoa kilichozidi tu, na unga wa penseli unaobaki nao unasaidia kuteleza.

Ikihitajika zaidi, poda kavu ya mtoto inatosha, au mshumaa mweupe uliosuguliwa kidogo kwenye ulimi.

Kwa sehemu zinazozunguka, kama mhimili wa propela, silikoni tupu ndiyo bora: grisi ya silikoni, au mafuta ya silikoni yanayolainisha mikanda ya mashine za kukimbilia za jimu. Usije ukachukua silikoni ya tyubu ya kuzibia gaskiti kwenye duka la spea. Hiyo hukauka ikawa mpira na kushika kila kitu. Ya kopo la kupuliza nayo iache, maana makopo mengi yana kiyeyushi cha petroli ndani yake. Silikoni hupakwa mwisho kabisa, baada ya gundi na rangi, kwa tone linalokaa kwenye ncha ya sindano. Ikitangulia, gundi haishiki, na rangi inajikunja ikiacha vishimo.

Na kwa kuwa plastiki za modeli si zote za aina moja, usitegemee maandishi ya chupa, wala neno langu peke yake. Fremu inayoshikilia vipande vya modeli hutupwa. Kata vijiti viwili kutoka humo, uvipinde na kuvifunga kwa uzi vibaki vimepinda. Kimoja kipake kile unachotaka kutumia, upande wa nje wa mkunjo, na kingine ukiache kikavu. Subiri siku kadhaa, kisha ulinganishe. Kilichopakwa kikionyesha weupe au ufa na kikavu kikabaki salama, chupa hiyo usiiguse kwenye ndege yako.