Ukoko wa Mtoto Ajaye

Upishi wa nyumbani hausifiwi inavyostahili. Seremala tunamwita fundi, mshonaji tunamwita fundi, lakini mama aliyeinjika chungu miaka nenda miaka rudi na wali wake haujatoka bokoboko hata siku moja, tunasema tu anajua kupika, kana kwamba ujuzi huo alizaliwa nao. Nataka kumsifu fundi huyo leo, na ninayo sababu. Mimi na mume wangu tumeomba kuasili mtoto. Makaratasi yetu yako kwa watu wa ustawi wa jamii, na sisi tuko jikoni.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Akiwa ni ndugu wa mtoto, miaka 21 inamtosha. Afisa ustawi wa jamii huja nyumbani akauliza kipato, afya, ndoa, majirani, akaangalia mtoto atalala wapi. Ni haki yake kuuliza, na ningependa aulize zaidi. Kwetu alisimama mlangoni pa jiko, akataka kujua kama tunatumia gesi au mkaa, akaandika. Angeniuliza wali wa nazi unapikwaje ningemweleza kwa moyo mkunjufu, maana naamini jibu la swali hilo lingemwambia mengi kuhusu nyumba yetu kuliko hati ya benki.

Bibi yangu wa Muheza alianza na sikio. Nazi aliitikisa karibu na sikio, na isiyocheza maji ndani aliirudisha kwa muuzaji bila maneno mengi. Njema aliishika kiganjani, akaigonga kwa mgongo wa panga kiunoni mwake huku akiizungusha, mpaka ikapasuka sawasawa. Maji yalikuwa yetu sisi wajukuu. Kisha aliivuta mbuzi, akaikalia upande, kanga ameikaza, akaanza kukuna kutoka ukingoni kwenda katikati, kifuu kikizunguka taratibu chini ya viganja. Akifika karibu na ile ngozi ya kahawia aliacha. Nyama kidogo ilibaki kifuuni, naye hakuihurumia, kwa kuwa ukiing'ang'ania ngozi ile unachafua weupe wa tui lote.

Baada ya hapo ni maji ya vuguvugu, kukamua, na kifumbu. Tui zito likawekwa pembeni. Machicha yakatiwa maji tena, yakakamuliwa tena, na hilo tui jepesi ndilo lililotangulia motoni kuivisha maharage, samaki au kisamvu. Zito liliingia mwisho, makaa yamepunguzwa, na mwiko haukutoka sufuriani mpaka lichemke. Ukiligeuzia mgongo linakatika: mafuta yanakwenda kwake, maji yanakwenda kwake, na hakuna wa kuyapatanisha. Siwalaumu wanaotumia blenda au tui la pakiti. Nami siku za kazi huyatumia. Ila mkono uliowahi kukuna unajua kwa nini tui zito lisubiri, na ujuzi huo hausomwi kwenye pakiti.

Wali aliupalia. Tui likikauka juu ya mchele, alitoa makaa chini akayaweka juu ya mfuniko, ukapata moto huku na huku. Ulipopakuliwa kilibaki kile tulichokuwa tunakingojea tangu asubuhi: ukoko, wenye harufu ya nazi iliyoungua kidogo, wa kukwanguliwa kwa kijiko cha chuma. Bibi aliugawa mwenyewe, na alikuwa na utaratibu wake. Anayeanza ni yule aliyeingia nyumbani mwisho.

Kwa miaka kadhaa aliyeingia mwisho alikuwa mtoto wa marehemu mdogo wake bibi, kijana mkimya aliyeletwa na mfuko mmoja wa nguo. Hakuna aliyekwenda mahakamani kwa ajili yake. Alikalishwa kwenye sinia moja nasi, akapewa ukoko kabla yetu, tukamwonea wivu kwa sauti, na katika ugomvi huo wa watoto akawa wetu. Leo ni kaka yangu. Harusini alikaa mahali pa kaka, na msiba ukitokea yeye ndiye anayepigiwa simu kwanza. Familia nyingi za nchi hii zimelea hivyo, mtoto wa dada akahamia kwa shangazi, mjukuu akakua kwa babu, wala hakuna aliyeliona kuwa jambo la kutolea hotuba. Yule asiye na shangazi wala babu wa kumpokea ndiye anayehitaji sheria, na ndiye tunayemngoja.

Nawasikia wanaosema damu ni nzito kuliko maji. Sawa, lakini pwani hii imejua siku zote kwamba chakula nacho hufunga undugu. Kwa majirani zetu Waislamu, ambao wengi wao hufuata madhehebu ya Shafi, mtoto aliyenyonyeshwa na mama asiye wake kabla ya kutimiza miaka miwili, akashiba mara tano, ni mtoto wa mama huyo wa kunyonya, na wanawe ni ndugu zake wasioweza kuoana naye. Maziwa peke yake yanajenga mpaka ambao watu wazima wanauheshimu mpaka kufa. Unguja na Pemba, ambako dini haimruhusu mlezi kumbandika mtoto ukoo usio wake, sheria ya watoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 imeitambua kafala: unamlea, unamlisha, unamsomesha, naye anabaki na jina la baba yake. Mimi naona heshima kubwa katika kulea bila kumfuta mtu. Nimejifunza kitu hapo, ingawa njia yetu ni nyingine.

Mume wangu ni wa Kilimanjaro, na kwao chakula cha mzazi ni mtori. Zamani mwanamke aliyejifungua alikaa ndani kama miezi mitatu akitunzwa, mama mkwe wake akimpikia. Mama mkwe wangu alipopata habari zetu alikuja Dar es Salaam na kipekecho chake ndani ya begi. Ndizi mshale tulinunua Mabibo, pale panapoitwa Mahakama ya Ndizi. Alinipaka mafuta mikononi kwanza, maana utomvu ukikauka kwenye ngozi hautoki, tukamenya na kuzitumbukiza majini zisigeuke nyeusi. Mifupa na nyama ya ng'ombe vilikuwa vimechemka tangu alfajiri. Ndizi ziliivia ndani ya supu hiyo. Nyama ikatolewa, naye akasimamisha kipekecho katikati ya viganja na kukipekecha, akinyanyua na kushusha, mpaka mabonge yote yakaisha na mtori ukawa laini. Nyama iliyochambuliwa ikarudi, na kitunguu, na chumvi, na siagi kidogo.

"Mama, lakini mimi sijazaa," nilimwambia.

"Kwani atakayekesha usiku mtoto akilia ni nani, mwanangu?" Akanipakulia bakuli la pili.

Kwenye kanga huandikwa kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na tumezoea kuyasoma maneno hayo mpaka hatuyasikii. Mama mkwe wangu aliyasikia. Aliona kwamba mwenye kulea anahitaji nguvu kama mwenye kuzaa, akaipika nguvu hiyo.

Siku hizi nachambua karanga. Unga wa uji wa mtoto tunayemngoja nausaga kwa ulezi na karanga kidogo, na karanga hazitaki haraka. Nazimwaga kwenye ungo karibu na dirisha, natoa zilizokunjamana, zilizobadilika rangi, zilizopasuka, zenye dalili yoyote ya ukungu, na hizo hazipewi hata kuku. Sumukuvu, sumu ya ukungu huo, haionekani kwa macho wala haiondolewi kwa kuchemsha. Mwaka 2016 iliua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na walichokula ni mahindi, chakula cha kila siku. Ndiyo maana namwita fundi yule mama anayepepeta na kuchambua wakati wengine wamelala. Kazi yake haina sherehe, lakini mtoto anaamka mzima.

Zipo siku ambazo nakaribia kusahau kwamba mtoto ajaye tayari ana ulimi wake. Atatoka kwenye makao ya watoto ambako chakula hupikwa kwenye masufuria makubwa na huliwa saa ile ile, uji asubuhi, ugali na maharage mchana. Hiyo ndiyo ladha ya kwake, na sina haki ya kuipuuza kwa sababu ya bibi yangu na mbuzi yake. Walezi wenye uzoefu wanasema mtoto aliyewahi kupungukiwa huweza kula kwa pupa, au akaficha kipande cha mkate chini ya mto, na kumkaripia humwongezea hofu tu. Anachohitaji ni kuona chakula kipo, na kesho kipo. Mume wangu amekwisha kutengeneza rafu fupi kando ya mlango wa jiko, kimo cha mtoto, ya kuwekea ndizi mbivu na machungwa. Hapo hakutakuwa na haja ya kuomba ruhusa.

Tukipigiwa simu kwamba tuje kumwona, maswali yangu kwa mlezi wake nimeyaandika. Uji wake unatiwa sukari, au ndimu, au vyote? Ugali anaupenda mgumu au laini? Maharage yanaungwa na nini? Anakula kwa mkono au kwa kijiko, peke yake au na wenzake? Kuna kitu kinachomtapisha, kuna kitu anachokililia? Hivyo anavyovijua ndivyo nitakavyovipika wiki za kwanza, kama anavyovijua. Nazi itafuata baadaye, tui jepesi kwanza, na akikataa nitampa alichozoea na kuijaribu tena wiki nyingine, hata mara kumi, kwa kuwa watoto wengi huhitaji kuonja chakula kigeni mara nyingi kabla hawajakikubali. Mtori ameudai bibi yake mpya. Amesema ataupika mwenyewe, na ameshaanza kuulizia bei ya nauli.